Ndovu Wanachimba au Ndovu Huchimba? Funzo Kutoka Pango la Kitum

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili



Makala haya sikuyaandika kwa hiari. Ni adhabu. Waliohudhuria mkutano wa chama Jumatano ile, baada ya ziara ya Mlima Elgon, wanakijua kisa chote. Wasiohudhuria wamekwisha kusikia porojo za bwenini, nami naona heri nieleze mwenyewe. Nilipewa masharti mawili: nisimsingizie mtu yeyote, na kila atakayesoma apate somo la sarufi la kumfaa katika mtihani. Wahenga walisema ahadi ni deni. Basi hili ndilo deni langu, nalipa.

TANGAZO LENYEWE

Muhula wa pili ulipoanza, kamati ilinituma kuandika tangazo la ziara. Siku hiyo nilikuwa nimeona picha moja katika kitabu cha maktaba: ndovu wawili wamesimama ndani ya pango, pembe zao zimeelekezwa ukutani. Chini ya picha palikuwa na maandishi madogo. Sikuyasoma. Nilikimbia kuchukua karatasi ya manila na kalamu nyekundu, nikaandika hivi:

"NDOVU! NDOVU! NDOVU! Chama cha Kiswahili kinawaalika wanachama wote katika ziara ya Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon. Njooni mwone kwa macho yenu ndovu wakichimba chumvi ndani ya pango la Kitum! Lipa mapema, nafasi ni chache."

Mwalimu mlezi wa chama alikuwa safarini wiki hiyo, kwa hiyo tangazo halikupitia mikononi mwake. Nililibandika ubaoni nikajiona mwandishi. Katika wiki moja watu 43 walikuwa wamelipa. Sijawahi kuona chama chetu kikipendwa namna hiyo. Hata vijana wa soka, ambao kwa kawaida hutuita "watu wa ngeli", walikuja kuulizia nafasi.

Miongoni mwa waliolipa alikuwamo kijana mmoja wa kidato cha pili, mpole sana. Alinihesabia pesa mezani: noti mbili zilizokunjwa kunjwa, na zilizobaki zote sarafu. "Katibu, hizi amenipa nyanya," aliniambia. "Ameuza kuku. Amesema nikirudi nimhadithie vile ndovu anachimba." Nilimwandikia risiti nikamwambia asiwe na wasiwasi, atakuwa na hadithi ya mwaka mzima.

SIKU YA SAFARI

Tuliondoka shuleni saa moja asubuhi. Kutoka Kitale mlima ulionekana wazi, mpana kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, na basi zima likaanza kuimba. Tulifuata barabara ya Endebess, mashamba ya mahindi kushoto na kulia, kisha tukaacha lami kuelekea lango la Chorlim. Mwendo wote kutoka mjini haufiki kilomita 30.

Mwalimu alitumia mwendo huo kutufundisha. Alitueleza kwamba Elgon ni volkano iliyokwisha kuzimika, ya kale kuliko Mlima Kenya na Kilimanjaro. Kilele chake kirefu kabisa, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina mita 4,321. Upande wetu tuna Koitobos, mita 4,222. Mbuga yetu ilitangazwa rasmi mwaka 1968 na ina ukubwa wa kilomita mraba 169. Nakumbuka haya kwa sababu niliyaandika baadaye. Ndani ya basi hakuna aliyesikiliza. Sisi tulikuwa tunawaza ndovu tu.

Tulipofika langoni mawingu yalikuwa yameshashuka. Mlima tuliouimbia haukuonekana tena, wala hatukuuona tena siku hiyo. Askari wa mbuga, mzee mcheshi, aliingia ndani ya basi akatusalimia: "Karibuni, wanangu. Mmekuja kuona nini?"

"Ndovu!" tulijibu kwa sauti moja.

Alitabasamu. "Hao wanakujanga usiku," akasema. "Tena si kila usiku."

Walioketi nyuma hawakusikia, wakaniuliza mzee amesema nini. Hapa ndipo ninapotaka mwenzangu anayesoma anisikilize vizuri, kwa sababu hili sikulisema mkutanoni. Nilisikia kila neno. Nikawajibu: "Anatania tu."

PANGONI

Basi liliegeshwa, tukapanda kwa miguu kwenye njia ya msituni. Tuliona mbega wakirukaruka juu ya miti, weusi kwa weupe, na kuro wawili walitutazama kisha wakaenda zao. Kungekuwa na siku nyingine, hao mbega wangetosha kuwa hadithi. Siku hiyo hakuna aliyesimama. Tulikuta pia kinyesi cha ndovu njiani, mafungu makubwa makavu, majani yamekwisha kuota juu yake. Kijana mmoja aliyefugiwa ng'ombe kwao alikitazama akasema, "Hii ni ya zamani."

Mdomo wa pango ni mpana ajabu, matone ya maji yanaanguka kutoka ukingo wa juu kama pazia. Ndani ni giza, vumbi, na harufu kali ya popo. Inasemekana pango hilo linaingia mlimani kiasi cha mita 200. Sisi hatukwenda mbali. Askari alituzuia mahali mwanga wa mchana unapoishia, akatukataza kushika popo wala kinyesi chao. Si kwamba alitubania. Mwaka 1980 na mwaka 1987 wageni wawili waliougua ugonjwa wa Marburg na kufariki walikuwa wametembelea pango hilo muda mfupi kabla, na mwaka 2007 virusi vya ugonjwa huo vilipatikana katika popo wa humo humo. Kwa hiyo mtu akikuambia usipite hapa, usipite.

Tukasimama. Tukamulika tochi. Ukuta, mawe, vumbi, ukuta.

Kimya kilidumu kama dakika moja hivi. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Katibu, sasa ndovu ako wapi?"

Wote wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Askari alianza kueleza mambo fulani juu ya ukuta, akielekeza tochi yake. Watu walikuwa wameshageuka kurudi nje. Mimi pia niligeuka. Mvua ikaanza. Tulikula mkate na soda ndani ya basi, madirisha yamefungwa, na saa nane mchana tulikuwa njiani kurudi. Hakuna aliyeimba.

Yule kijana wa kidato cha pili alikuwa ameketi mbele yangu. Tulipokaribia mjini aligeuka akaniuliza polepole, bila hasira: "Katibu, nitamwambia nyanya nini?"

Sikuwa na jibu. Afadhali angenitukana.

MKUTANO WA JUMATANO

Mkutano ulijaa hadi dirishani. Hoja ya kwanza ilikuwa pesa zirudishwe. Mweka hazina akasoma hesabu: dizeli, malipo ya langoni, mkate, soda. Hakukubaki hata thumni. Hoja ya pili ilikuwa katibu aondolewe kwa kosa la kudanganya wanachama.

Nikapewa nafasi ya kujitetea. Nilisimama kifua mbele. "Sikudanganya mtu," nikasema. "Ni jambo linalojulikana dunia nzima. Ndovu huchimba chumvi katika pango la Kitum. Nendeni maktaba mkasome!"

Mwalimu mlezi, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, aliinua mkono. "Hebu rudia. Ndovu hufanya nini?"

"Huchimba, mwalimu."

"Liandike ubaoni." Nikaandika. "Sasa, chini yake, andika tangazo lako jinsi lilivyokuwa." Nikaandika. "Pigia mstari vitenzi."

Nikapiga mstari: huchimba. Kisha: wakichimba. Darasa likaanza kunong'ona kabla mimi mwenyewe sijaelewa. Mwalimu akasema, "Mdomo wako unaijua kweli ambayo kalamu yako haikuiandika." Akaketi. Hakuongeza neno.

SOMO LENYEWE

Sasa tuingie katika sarufi. Tuchukue habari moja tu, ile ya ndovu na chumvi, tuitazame kwa viambishi mbalimbali.

1. Kiambishi HU-. Hiki ni cha mazoea. Hakichukui kiambishi cha nafsi wala cha wakati: mimi huchimba, wewe huchimba, ndovu huchimba. "Ndovu huchimba chumvi Kitum" ni sentensi ya kweli kabisa. Majani ya mlimani yana chumvi kidogo, kwa kuwa mvua nyingi huiosha udongoni. Kwa hiyo ndovu huingia pangoni usiku, hupapasa njia gizani kwa mkonga, huvunja vipande vya mwamba kwa pembe, huvitafuna kwa magego na kuvimeza. Lakini tazameni: sentensi hizo zote hazisemi lolote kuhusu Jumamosi yetu. HU- hukueleza tabia. Haikupi miadi. Tahadhari pia mtihanini: ukanusho wake ni "ndovu hawachimbi". Ukiandika "huchimbi" umemkanusha mtu unayezungumza naye, si ndovu.

2. Kiambishi -KI-. Kina kazi zaidi ya moja. Kuna -ki- ya masharti: "ndovu wakija, tutawaona". Na kuna -ki- ya tendo linaloendelea wakati tendo lingine linatendeka: "tuliwaona ndovu wakichimba". Tangazo langu lilitumia hii ya pili. Nilipoandika "mwone ndovu wakichimba", niliahidi vitu viwili kwa pamoja: kwamba ndovu watakuwa wanachimba, na kwamba macho yenu yatakuwa hapo saa hiyo hiyo. Kumbe mimi sina mamlaka juu ya ndovu, na basi la shule haliruhusiwi kukaa mbugani usiku. Laiti ningetumia ile -ki- ya masharti, ningesalimika.

3. Kiambishi -NA-. Katika Kiswahili sanifu kazi yake kubwa ni tendo la sasa: "ndovu wanachimba", yaani wako kazini tunapozungumza. Katika maongezi ya kila siku tunaitumia hata kwa mazoea, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Sisi wa huku Kitale na Bungoma tuna dawa yetu: tunaongeza -nga mwishoni. "Wanakujanga." Katika insha mwalimu atakipigia mstari mwekundu, na ni haki yake, kwani Kiswahili sanifu kinataka "huja". Hata hivyo mzee wa langoni, kwa -nga yake, alisema ukweli mtupu, na mimi kwa Kiswahili changu sanifu nilibandika uongo ubaoni. Usanifu wa lugha ni mzuri, lakini haumfanyi mtu kuwa mkweli.

4. Kiambishi -ME-. Hapa ndipo panaponiuma zaidi. -ME- huonyesha tendo lililokwisha kutendeka na matokeo yake bado yapo. "Ukuta umechimbwa." Hii ndiyo sentensi tuliyokuwa tunaimulika kwa tochi bila kuisoma! Baada ya mkutano nilirudi maktaba, nikasoma yale maandishi madogo chini ya picha. Yalisema picha ilipigwa usiku. Niliendelea kusoma. Alama zile za mikwaruzo ukutani, ambazo sisi tuliziona kama mawe mabovu tu, ni alama za pembe. Inaaminika kwamba maji ndiyo yaliyoanzisha mapango hayo katika mwamba laini wa majivu ya volkano, na ndovu wakayapanua, tonge kwa tonge, vizazi na vizazi. Yaani tulikuwa tumesimama ndani ya kazi ya ndovu, tukilalamika kwamba hakuna ndovu.

Tusijilaumu kupita kiasi. Wakubwa pia walikosea kusoma kuta za Elgon. Msafiri Joseph Thomson wa Scotland alifika katika mapango ya mlima huu mwaka 1883, akakuta watu wakiishi humo pamoja na mifugo yao. Yeye alidhani mapango hayo yalichimbwa na mikono ya watu wa kale wenye maarifa makubwa. Sisi tuliona alama tukadhani si kitu.

5. Kiambishi -LI-. Hiki ni cha wakati uliopita, nacho kina huzuni yake. "Ndovu walikuwa wengi." Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwaua ndovu wengi wa Elgon kwa ajili ya pembe, zile zile wanazochimbia chumvi. Kenya ilikuwa imepiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini risasi hazikunyamaza. Mwaka 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe mjini Nairobi, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuzuia biashara ya pembe za ndovu. Waliosalia mlimani ni wachache na wana haya, tena hawajui mpaka wa Kenya na Uganda. Kwa hiyo hata mtu akilala mlangoni mwa Kitum, anaweza kukesha bure. Tukiwa wazembe zaidi, HU- ya leo itageuka kuwa -LI- ya kesho, na wadogo zetu wataandika: "Ndovu walichimba chumvi Kitum."

6. Neno HUENDA. Hili nimeliweka mwisho kwa makusudi. Limejengwa kwa HU- na kitenzi "enda", lakini maana yake ni labda. Likitangulia, kitenzi kinachofuata mara nyingi huchukua -KA-: "huenda tukawaona ndovu", "huenda wakaja". Neno moja tu! Kama ningeliandika kwa ile kalamu nyekundu, watu 43 wangeingia pangoni na matumaini ya kadiri, na pengine wangemsikiliza askari alipokuwa anawaelekezea ukuta. Sikuliandika kwa sababu nilijua "huenda" haijazi basi.

HITIMISHO

Nilinusurika kuondolewa kwa kura tatu. Kati ya waliopiga kura dhidi yangu wapo marafiki zangu, na leo siwezi kusema walikosea. Mlima haukutudanganya. Mbuga haikutudanganya. Mzee wa langoni alisema wazi. Anayekwenda kutazama mahali palipo na sifa, na aulize kwanza mahali hapo huonyesha nini, saa ngapi, na kwa nani. Na anayewaalika wengine asiahidi kwa -KI- jambo analolijua kwa HU-.

Ziara ijayo tunakusudia kwenda kwenye Mbuga ya Kinamasi cha Saiwa, hapa hapa Trans Nzoia, iliyotangazwa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu. Mwalimu amelisoma tangazo hili kabla ya kubandikwa:

"Chama cha Kiswahili kinawaalika wanachama katika ziara ya Saiwa. Nzohe hujificha katika matete na huonekana zaidi alfajiri na jioni. Tutatembea kwa miguu na kungoja kimya juu ya majukwaa ya mbao. Huenda tukamwona. Huenda tusimwone. Kinamasi kipo, ndege wapo, na mwenye kalamu na daftari hatarudi mikono mitupu."

Hadi makala haya yanapopelekwa kwa mhariri, waliolipa ni 19. Mweka hazina ana wasiwasi. Mimi sina, kwa sababu hawa 19 wanajua wanakokwenda.

Yule kijana wa kidato cha pili nilimtafuta nikamweleza habari za ule ukuta, mambo yote niliyosoma, ili ayapeleke nyumbani. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Ningeyajua nikiwa pale, ningeangalia." Jina lake halimo katika orodha ya Saiwa. Simlaumu.

ZOEZI

(a) Eleza tofauti ya maana: "Ndovu huingia pangoni", "Ndovu wanaingia pangoni", "Ndovu wameingia pangoni".

(b) Kanusha: "Ndovu huchimba chumvi." Kisha eleza kosa la anayeandika "Ndovu huchimbi chumvi."

(c) Tunga sentensi mbili kuonyesha -ki- ya masharti na -ki- ya tendo linaloendelea.

(d) Sahihisha kwa Kiswahili sanifu bila kupoteza maana: "Hao wanakujanga usiku."

(e) Chukua tangazo lolote lililoko sasa kwenye ubao wa shule. Pigia mstari vitenzi vyote. Je, mwandishi anajua anachoahidi, au anatumaini tu? Mwandikie upya kwa kutumia "huenda" panapostahili.

Majibu yaletwe kwa katibu, ambaye bado ni mimi.